Baba aliamini kitandani, kaka aliokoka zamani: nani yuko salama?

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, ila nyumbani kwetu ni upande wa Mpunguzi. Baba yangu alifariki mwezi wa tano. Maisha yake yote hakuwa mtu wa kanisa. Siku chache kabla ya kufa, akiwa wodini, aliomba aombewe na akasema anamwamini Yesu. Hakuwahi kubatizwa. Kitu pekee alichofanya ni kumwita baba mdogo, ambaye walikuwa hawasemezani kwa sababu ya shamba la zabibu, wakapatana. Kikundi cha maombi ninachosali wanasema baba hakuokoka, kwa kuwa Waebrania 5:9 inasema wokovu ni wa wale "wanaomtii", na baba hakutii chochote. Wanasema hata mimi nikiacha kufunga na kufuata maelekezo ya mtumishi, wokovu wangu umekwenda. Huku kaka yangu aliokoka mwaka 2011, anaijua mpaka tarehe, lakini amemtelekeza mke na watoto watatu. Nikimwambia ananijibu, "Tunaokolewa kwa imani, si kwa matendo." Nani kati yetu yuko salama? Mimi nimechoka.

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kufiwa na mzee. Umeandika kama mtu mwenye swali moja, lakini ninaona matatu: la baba, la kaka na la kwako mwenyewe. Nitaanza na mstari waliokusomea kikundini, maana ndio uliokuvuruga.

Waebrania 5:9 upo, na unasema hivyo hivyo walivyosema. Sitaupunguza makali. Shida yangu ni kwamba walianza kusoma katikati ya sentensi. Rudi nyuma mstari mmoja tu: "na, ingawa ni Mwana, alijifunza kutii kwa mateso hayo yaliyompata, naye alipokwisha kukamilishwa, akawa sababu ya wokovu wa milele kwa watu wote wanaomtii." Umeona nani ametii kwanza? Kabla hajatajwa mwanadamu yeyote anayemtii Yesu, ametajwa Yesu anayemtii Baba, tena kwa mateso. Paulo analisema jambo hilo hilo katika Warumi 5:19: "kwa kutii kwake mmoja watu wengi wameingizwa katika hali ya wenye haki." Na kwa Wafilipi anaeleza utii huo ulifika wapi: hata mauti, mauti ya msalaba. Basi siku nyingine mtu akikuuliza kama tunaokolewa kwa utii, mjibu ndiyo bila kusita, kisha umwulize anazungumzia utii wa nani. Ukishauweka utii wa baba yako, au wa kwako, au wa mtumishi wenu mahali pa utii wa Kristo, umeugeuza ujumbe wote wa Waebrania, ambao kazi yake yote ni kuonyesha kwamba kuhani mmoja ametoa dhabihu moja na imetosha.

Lakini bado lile neno "wanaomtii" limo, na si haki kuliruka. Mwandishi huyu anaposema kutii ana maana gani? Huna haja ya kwenda mbali, ameshaeleza sura mbili nyuma. Katika sura ya 3 anawakumbusha wasomaji kizazi kilichofia jangwani. Anauliza ni akina nani walioapiwa kwamba hawataingia katika raha ya Mungu, ila wale walioasi? Kisha anajijibu: "Basi twaona ya kuwa hawakuweza kuingia kwa sababu ya kutokuamini kwao." Uasi wao na kutokuamini kwao ni habari ile ile. Kisa chenyewe kiko Hesabu 13 na 14. Wapelelezi kumi na wawili wamerudi, kumi wamewavunja watu moyo, na taifa zima linalia usiku kucha likitaka kurudi Misri. Kosa lao halikuwa kukosa mfungo au kupungukiwa sadaka. Walikataa kumtegemea Mungu aliyekuwa amewatoa utumwani wakiona kwa macho yao wenyewe. Paulo naye, Warumi 10:16, analalamika kwamba si wote walioitii habari njema, na ushahidi anaouleta ni maneno ya Isaya: "Bwana, ni nani aliyeziamini habari zetu?" Na Yesu alipoulizwa na makutano wafanye nini ili wazitende kazi za Mungu, hakuwapa orodha. Aliwaambia, "Hii ndiyo kazi ya Mungu, mmwamini yeye aliyetumwa na yeye." Ni Yohana 6:28 na 29, usome leo jioni.

Kwa hiyo amri ya kwanza ya Injili ni kumwamini Kristo, na mtu aliyeamini ameshatii amri hiyo. Kutoka hapo utii mwingine wote huzaliwa. Sasa mrudie mzee wako pale wodini. Alipoomba aombewe, mtu ambaye miaka yote hakutaka kusikia habari za kanisa, alikuwa anafanya nini kama si kutii?

Bila shaka umeshakumbuka yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu. Watu humtaja kama mtu aliyeokoka bila kufanya lolote. Ukimsoma vizuri kwenye Luka 23 utaona kwamba katika saa zake za mwisho, mikono imefungwa na miguu imefungwa, alifanya kila alichobakiza uwezo wa kufanya. Alimkemea mwenzake. Alikiri kwamba wao wawili wanapata walichostahili. Alimtetea Yesu kwamba hakutenda lolote lisilofaa, wakati ambapo hata wanafunzi walikuwa wamekimbia. Kisha akaomba akumbukwe. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomnunulia nafasi peponi. Lakini vyote vilitoka kwenye imani ambayo haikuweza kukaa kimya hata ikiwa imebakiza pumzi chache.

Baba yako naye alibakiza siku chache, akazitumia kumwita mdogo wake. Nimeshangaa kidogo, mwanangu, jinsi ulivyoliandika jambo hilo kwa haraka, "kitu pekee alichofanya", kana kwamba ni kitu kidogo. Wewe ni mtu wa huku. Unajua ugomvi wa shamba unavyokaa ndani ya ukoo. Watu huzikana bila kupatana. Watoto hurithi kununiana bila hata kujua chanzo. Hao wenzako wanaosema mzee hakutii chochote wajiulize lini mara ya mwisho wao walimfuata ndugu waliyekosana naye. Wazee wa Uamsho, ule ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Kenya na huku kwetu Tanganyika, walikuwa wakali sana kwa jambo hili. Kwao mtu aliyesema ameokoka alitazamwa kama ameungama waziwazi, kama amerudisha alichoiba, kama amepatana na mtu wa nyumbani kwake. Walijua wazi kwamba damu ya Yesu ndiyo inayosafisha. Lakini walijua pia kwamba mtu aliyesafishwa hawezi kulala na jembe la jirani chini ya kitanda. Ningekuwa nimekaa na mmoja wao, nikamsimulia habari za mzee wako na baba mdogo, sidhani kama angeuliza maswali mengi zaidi.

Kuhusu ubatizo nitasema kwa ufupi. Ubatizo ni agizo la Bwana na mtu mzima mwenye nafasi hapaswi kuupuuza. Hata hivyo soma Marko 16:16 mpaka mwisho wake: aaminiye na kubatizwa ataokoka, asiyeamini atahukumiwa. Kinachohukumu ni kutokuamini. Kanisa Katoliki, ambalo linasisitiza ubatizo kuliko wengi, linafundisha kwamba anayejiandaa kubatizwa akifa kabla hajafikia kisima, shauku yake ya ubatizo, pamoja na toba na upendo, humhakikishia wokovu. Na Wakristo wa zamani walisema kinachomwangamiza mtu ni kuidharau sakramenti, wala si kuikosa. Mzee wako hakudharau. Aliwahiwa.

Mimi sina kitabu cha uzima nyumbani kwangu, na hukumu ya mtu ni ya Mungu peke yake. Ninachoweza kukwambia kama mtu aliyefundisha Biblia miaka mingi ni hiki: sababu waliyokupa ya kumfungia baba yako mlango haimo katika mstari waliokuonyesha.

Sasa kaka yako. Hapa nitakuwa mkali, kwa sababu mwenyewe amejificha nyuma ya Maandiko. Anachonukuu ni Waefeso 2:8 na 9: mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu. Ni kweli tupu, na ningeuhubiri mstari huo Jumapili yoyote. Lakini kikundi chako walianza katikati ya sentensi, yeye anaishia katikati ya hoja. Mstari wa 10 unasema: "Maana tu kazi yake, tuliumbwa katika Kristo Yesu, tutende matendo mema, ambayo tokea awali Mungu aliyatengeneza ili tuenende nayo." Paulo amekataa matendo kama sababu ya kuokolewa, na ndani ya pumzi ile ile ameyaweka kama kusudi la kuokolewa. Hatujaokolewa kwa matendo mema, tumeokolewa kwa ajili yake. Anayekata mstari wa 10 amebaki na wokovu usio na mahali pa kwenda.

Na kwa habari ya mke na watoto, Paulo huyo huyo wa imani bila matendo ameandika 1 Timotheo 5:8: "Lakini mtu ye yote asiyewatunza walio wake, yaani, wale wa nyumbani mwake hasa, ameikana Imani, tena ni mbaya kuliko mtu asiyeamini." Sijui kama kuna mstari mwingine katika Agano Jipya unaomtaja kaka yako kwa karibu namna hiyo. Hakusema amepungukiwa, wala hakusema amekuwa Mkristo dhaifu. Amesema ameikana imani. Yaani mtu anaweza kuikana imani bila kusema neno baya hata moja juu ya Yesu, kwa kuacha tu kutuma hela ya unga.

Labda atakujibu kwamba Paulo na Yakobo hawakubaliani, na kwamba yeye yuko upande wa Paulo. Hoja hiyo nimeikuta kwa wanafunzi kila mwaka. Warumi 3:28 inasema mwanadamu huhesabiwa haki, yaani hukubaliwa na Mungu kama mwenye haki, kwa imani pasipo matendo ya sheria. Yakobo 2:24 inasema huhesabiwa haki kwa matendo yake, si kwa imani peke yake. Wote wawili wanamleta Ibrahimu kama shahidi, wote wawili wananukuu Mwanzo 15:6, "akamwamini BWANA, naye akamhesabia jambo hili kuwa haki." Je, mmoja amekosea?

Angalia tarehe za Ibrahimu, zitakusaidia kuliko maelezo marefu. Maneno ya Mwanzo 15 yalisemwa kabla Ishmaeli hajazaliwa, na Ishmaeli alizaliwa Ibrahimu akiwa na miaka 86. Tohara ilikuja sura ya 17, Ibrahimu akiwa na miaka 99. Paulo anang'ang'ania hapo: mtu huyu alihesabiwa haki miaka kumi na mitatu au zaidi kabla ya tohara, kwa hiyo hakuna atakayewaambia watu wa mataifa kwamba lazima watahiriwe kwanza ndipo Mungu awapokee. Yakobo anashika mahali pengine. Anaenda Mwanzo 22, Isaka ameshazaliwa, ameshakua hata anabeba kuni za dhabihu mgongoni, na baba yake anampandisha mlimani. Hapo, anasema Yakobo, lile andiko la zamani likatimizwa. Paulo anajibu swali la mtu anayeuliza, "Niingieje?" Yakobo anamjibu mtu ambaye ameshakaa ndani na anamwambia ndugu mwenye njaa, "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba," bila kumpa kitu. Na swali la Yakobo lilivyo kali: "Ile imani yaweza kumwokoa?" Hata mashetani, anasema, wanaamini Mungu ni mmoja, na wao angalau wanatetemeka. Kaka yako hata hatetemeki.

Kwa kuwa umekulia Mpunguzi, Yohana 15 inakuhusu kuliko inavyomhusu mtu wa Kariakoo. Umeona mwenyewe siku ya kupogoa. Tawi likikatwa asubuhi linaanguka na majani yake mabichi, ukilitazama ukiwa barabarani linafanana kabisa na lililoko shinani, hata linaweza kuonekana zuri kuliko mzabibu wenyewe, ambao umebaki kijiti kitupu hata mgeni anadhani umekufa. Jua la Dodoma likishapanda, jioni lile lililokatwa limelegea, na siku chache baadaye liko kwenye rundo pembeni ya shamba linangoja kuwa kuni. Kile kijiti kinachipua. Yesu anasema, "Kaeni ndani yangu," na kwamba pasipo yeye hatuwezi kufanya neno lolote. Hakuwaambia wanafunzi wazae kwanza ndipo awaunganishe. Mstari wa 3 unasema walikuwa wamekwisha kuwa safi kwa sababu ya lile neno alilowaambia. Tunda linatokana na kuunganishwa. Lakini alisema pia kwamba kila tawi lisilozaa huondolewa. Tarehe ya mwaka 2011 ni majani. Inaweza kuwa majani ya tawi lililoko shinani, na inaweza kuwa ya lililokwisha kukatwa. Kwa majani peke yake huwezi kujua. Na mzee wako, aliyeonekana kijiti maisha yake yote, alichipua chipukizi moja, tena juu ya shamba la zabibu.

Utaniuliza sasa: kaka alikuwa ameokoka akapoteza, au hakuwahi kuokoka? Wakristo wamegawanyika hapa kweli kweli na sitakudanganya kwamba hawajagawanyika. Wale wanaofuata mafundisho ya Calvin, na Wabaptisti wengi, husoma Yohana 10:28, kwamba hakuna atakayewapokonya kondoo katika mkono wa Kristo, na watasema mtu anayeishi hivyo bila kujali huenda hakuwahi kuzaliwa mara ya pili. Wamethodisti, Wapentekoste wengi na Wakatoliki husoma Waebrania 6:4-6 na kusema mtu aliyekuwa ndani anaweza kutoka. Mimi nina maoni yangu, lakini kwa kaka yako tofauti hiyo haimsaidii kitu. Hakuna upande hata mmoja, katika hizo mbili, unaompa mtu anayetelekeza watoto ruhusa ya kulala usingizi kwa sababu ya sala aliyoongozwa zaidi ya miaka kumi iliyopita.

Hapa niingize jambo la historia, maana najua mjadala huu hapa mjini huishia kwenye kurushiana maneno kati ya Waprotestanti na Wakatoliki. Martin Luther, aliyeanzisha matengenezo ya Kiprotestanti, ambaye mwaka 1522 aliuita waraka wa Yakobo waraka wa majani makavu (na alizidisha, alikuwa mtu wa kuzidisha), katika utangulizi wake wa Warumi wa mwaka huo huo aliandika kwamba imani ni kitu hai chenye shughuli nyingi, hakiwezekani kikae bila kutenda mema. Vifungu vya imani vya Waanglikana vinasema vivyo hivyo: kifungu cha 11 kwamba twahesabiwa haki kwa imani, na cha 12 kwamba matendo mema ndiyo matunda ya imani hiyo. Kwa upande wa pili, Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ambao Waprotestanti wengi wanadhani ulifundisha kununua wokovu kwa matendo, mwaka 1547 ulitamka kwamba hakuna kinachotangulia kuhesabiwa haki, iwe imani au matendo, kinachoistahili neema hiyo. Walitofautiana kwa mengi, na bado wanatofautiana. Lakini tarehe 31 Oktoba 1999, kule Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja kwamba tunapokelewa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, si kwa stahili yoyote yetu, na tunapokea Roho Mtakatifu anayetuwezesha kutenda mema. Wamethodisti wakajiunga mwaka 2006. Kwa hiyo kaka hawezi kujificha kwa Luther, na kikundi chako hakiwezi kujificha hata Roma.

Tumebaki na wewe.

Umesema umechoka, na nimeamini. Ninavyokusoma, unafunga ili usifukuzwe. Unatoa ili usipotee. Unaamka alfajiri kusali kwa hofu, kisha unakwenda kusimama darasani mbele ya watoto wengi kuliko madawati. Utii wa namna hiyo lazima uchoshe, kwa sababu umewekwa mahali pa kubeba kitu ambacho haukuumbwa kukibeba. Fungua Kutoka 20. Kabla ya amri ya kwanza kuna maneno haya: "Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa." Pasaka ilikuwa sura ya 12. Bahari ilipasuka sura ya 14. Amri Kumi zimekuja sura ya 20, wakiwa wameshavuka na farasi wa Farao wameshazama. Musa hakupelekwa Misri na mbao mbili za mawe awaambie watumwa wale kwamba wakizishika kwa mwaka mzima Mungu atafikiria kuwatoa. Angefanya hivyo, wangekuwa wanafyatua matofali mpaka leo. Wewe umeokolewa kwanza. Sasa tii, lakini tii kama mtu aliye ng'ambo ya bahari.

Wafilipi 2:12 watakuonyesha, najua: utimizeni wokovu wenu kwa kuogopa na kutetemeka. Wasomee na wa 13, kwamba Mungu ndiye atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu. Hata ile hamu ya kumpendeza imetoka kwake. Ukianguka, 1 Yohana 1:9 iko pale pale: ukiungama, yeye ni mwaminifu na wa haki hata akuondolee. Aliyeandika hivyo aliwaandikia Wakristo, na mstari mmoja juu yake aliwaambia kwamba wakisema hawana dhambi wanajidanganya.

Na habari ya kumtii mtumishi uipime. Waebrania 13:17 inasema tuwatii wanaotuongoza, ndiyo. Lakini 1 Petro 5:3 inawakataza hao viongozi kujifanya mabwana juu ya kundi. Kila unapopewa agizo, uliza: hili limeamriwa na Kristo, au limeamriwa na mwenye kikundi? Kuwapenda adui, kusema kweli, kumtunza mjane, kutozini, kuyasamehe madeni ya waliokukosea, hayo ni ya Kristo, na nakuhimiza uyashike. Mfungo uliopangiwa na mtu kwa siku alizozichagua yeye, huo ni ushauri, na ushauri unaweza kuukataa ukabaki na wokovu wako wote. Wakikwambia utoe fedha kwa ajili ya kumkomboa marehemu baba yako au kuvunja kitu fulani cha ukoo, usitoe hata shilingi. Damu iliyokwisha kumwagika haihitaji nyongeza ya mtu yeyote wa Nkuhungu. Na kama kila ukitoka kwenye kikundi hicho unamwona Mungu kama askari anayekusubiri ukosee, tafuta kusanyiko lingine. Mjini hapa hayakosekani. Waage kwa adabu, usiondoke na maneno.

Kwa kaka yako fanya kama Mathayo 18:15 inavyoagiza: nenda wewe mwenyewe kwanza, yeye na wewe peke yenu, msiongee kwa simu. Usianze na mjadala wa imani na matendo, atakuzungusha. Mwulize watoto wanakula nini wiki hii. Akikataa kusikia, nenda tena na mtu wa pili, na mimi ningemchukua baba mdogo, kwa sababu ana neno la kumweleza kijana kuhusu siku ile wodini ambalo wewe huwezi kulisema. Wakati huo huo mwambie wifi yako aende ofisi ya ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi awatunze watoto wake, na kudai matunzo si kumchafua kaka wala si kukosa imani. Yeye ataongoka kwa wakati wake, Mungu akipenda. Watoto wanatakiwa kula leo.